Malkia Hakuomba Radhi

Mtangazaji: Haloo? Nani mwenzangu?

Fundi: Usikate.

Mtangazaji: Samahani?

Fundi: Ni mimi. Nakuomba usikate kwanza. Hujambo?

Mtangazaji: Nilikuwa sijambo. Namba ya nani hii?

Fundi: Ya mteja. Nimeazima. Ya kwangu haiingii kwako.

Mtangazaji: Haiingii kwa sababu nimeifungia. Mtu akifungiwa mlango ndiyo anazungukia dirishani?

Fundi: Mama hajambo?

Mtangazaji: Loo! Mama! Siku zote za ndoa hukuwahi kumuulizia mama yangu, leo talaka imeshakauka wino ndiyo unamkumbuka mkweo? Hajambo. Sema shida yako, niko kazini. Nina treni inaingia sasa hivi.

Fundi: Umesikia lakini?

Mtangazaji: Nimesikia nini?

Fundi: Inatoka.

Mtangazaji: Nini inatoka?

Fundi: Ya pili. Ngome ya Moshi ya pili. Mwisho wa mwezi huu. Wametangaza rasmi.

Mtangazaji: (Anacheka.) Subiri. Subiri kidogo nikae. Umeazima simu ya mtu wa watu, umenipigia kazini, kuniambia gemu inatoka?

Fundi: Sikupigii kwa furaha, usifikiri. Ni takataka.

Mtangazaji: Takataka.

Fundi: Takataka tupu! Nimeona kionjo chake. Miaka yote hii unajua walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanachana nywele za farasi. Farasi ana nywele utadhani anaenda harusini. Nyasi zinayumba, sawa, maji yanang'aa, sawa. Mtu akifungua mdomo sasa! Kijiji kizima wanaongea kama wanasoma risiti ya umeme. Na watu wazima, wenye ndevu zao, wanalia mtandaoni eti machozi ya furaha. Pumbavu kabisa. Nimesoma maoni yao nikazima kompyuta.

Mtangazaji: Ukaiwasha tena baada ya muda gani?

Fundi: Nini?

Mtangazaji: Kompyuta. Uliizima, ukaiwasha tena baada ya muda gani? Dakika?

Fundi: Mimi sijali hiyo gemu. Nakuambia kama mtu anayejua.

Mtangazaji: Hujali wewe! Nani alikuwa anaamka kabla ya kunawa uso anaangalia kama wametangaza? "Mume wa watu, dari imevimba, tupake rangi." "Ikitoka ya pili nitapata nafasi." "Twende tukamwone mama." "Ngoja ya pili itoke, sitaki kuanza safari halafu itoke niko njiani." Hata mtoto ulisema tungoje.

Fundi: Nilisema tungoje kidogo.

Mtangazaji: (Kimya.)

Fundi: Kidogo tu, nilisema.

Mtangazaji: Basi ndiyo hiyo inatoka. Hongera.

Fundi: Sikiliza—

Mtangazaji: Ngoja. Usiseme neno, nafungua kipaza. (Sauti nyingine, laini, ya polepole.) Tafadhali sikilizeni. Treni ya abiria inayotoka kaskazini inaingia jukwaa la pili. Abiria mnaombwa kusimama nyuma ya mstari wa njano. Wenye watoto, washikeni mikono. (Sauti yake ya kawaida.) Haya. Ulikuwa unasema takataka.

Fundi: Sauti hiyo.

Mtangazaji: Usianze.

Fundi: Hapana, nasema kweli. Haijapungua hata kidogo. Unakubali lakini, mimi ndiye niliyeiona hiyo sauti kwanza? Ulikuwa unakata tiketi wewe, dirisha la tatu, unasema "haya, anayefuata" na watu wanageuka. Nikakuambia wewe si wa tiketi. Unakubali?

Mtangazaji: Nikubali nini?

Fundi: Kwamba kipaji chako mimi nilikijua. Kwamba kazi yetu ilikuwa nzuri. Sema tu, unakubali?

Mtangazaji: Friji nakubali. Friji unajua kutengeneza, hilo sikunyimi. Mengine yote ni porojo.

Fundi: Umesema? Mtandao unakwaruza.

Mtangazaji: Nimesema friji nakubali! Una masikio au mapambo?

Fundi: Sawa. Sawa, nimesikia. Vizuri.

Mtangazaji: Vizuri nini? Mbona umefurahi ghafla hivyo?

Fundi: Sijafurahi.

Mtangazaji: Nakujua ukifurahi, unavuta pumzi puani. Haya, na kwa kuwa umejileta mwenyewe, mimi pia nina langu. Nilikuwa natafuta pa kukupatia nikaona nitajichafua bure. Unamjua karani wetu wa mizigo?

Fundi: Nitamjulia wapi?

Mtangazaji: Yeye anakujua. Anacheza gemu yako. Ile ya kwanza, pamoja na zile nyongeza zako. Unakwenda kwenye gemu ya watu waliotoa jasho lao, unachomeka humo kijiji chako, na watu wako, na Malkia wako, halafu walimwengu wanakuja kukichukua bure na kukuita bingwa.

Fundi: Gemu ile iliachwa wazi makusudi, kila mtu aongeze chake. Ndiyo uzuri wake. Na kijiji hakikuwa changu peke yangu, kilikuwa chetu. Wanawake wote mle ndani ni wewe. Malkia wewe, mwombaji wa langoni wewe, mama wa nyumba ya wageni wewe, bibi harusi—

Mtangazaji: Najua. Nilikaa ndani ya kabati la nguo na mablanketi kichwani, jasho linanitiririka, nasema "mume wangu" kwa kipaza sauti. Najua.

Fundi: Basi.

Mtangazaji: Basi juzi, chumba cha chai. Tumekaa, wa tiketi, wa ulinzi, msimamizi wangu, mafundi reli wawili. Karani anaingia na kompyuta yake kaikumbatia. "Shikamoo Malkia." Mimi nimezoea, wananiita hivyo, hata vijana jukwaani nikitangaza treni kuna wanaopiga magoti. Ujinga wao. Akasema, "Dada, nimefika mwisho. Kumbe ulirudi!" Nikamwambia nilirudi wapi? Akafungua sauti mpaka juu.

Fundi: (Kimya.)

Mtangazaji: Endelea kukaa kimya, nakusimulia mwenyewe. Mchezaji anafungua mlango wa ngome. Malkia amesimama dirishani. Anageuka. Na kwa sauti yangu mimi, mbele ya msimamizi wangu na kikombe chake mkononi, anasema, "Nisamehe, mume wangu. Nilikosea kuondoka."

Fundi: Hiyo ni—

Mtangazaji: Sijamaliza! Karani ananiangalia kwa macho ya huruma, "Dada, uliifanya kwa hisia kweli." Wa tiketi anajua nimeachika, wa ulinzi anajua, msimamizi anajua. Wote wakainamisha vichwa kwenye chai. Wananionea huruma! Mimi! Umenivua nguo mbele ya watu, bwana, na hata hukuwepo kuona.

Fundi: Ni Malkia anayesema. Si wewe.

Mtangazaji: Ana koo la nani huyo Malkia? Mimi maneno hayo nilisema lini? Niambie siku niliyokaa kabatini nikasema nilikosea kuondoka.

Fundi: Hukusema.

Mtangazaji: Ehe?

Fundi: Niliunganisha.

Mtangazaji: Uliunganisha. Najua uliunganisha, nilisikia. Unadhani naishi kwa sauti halafu sisikii viraka? "Nisamehe" ni ya yule mwombaji wa langoni, ninayesema "nisamehe bwana mkubwa, sina pa kulala."

Fundi: (Kwa sauti ndogo.) Ndiyo.

Mtangazaji: "Mume wangu" ni ya bibi harusi.

Fundi: Ndiyo.

Mtangazaji: "Nilikosea" ni yule bibi wa darajani, "nilikosea njia, mwanangu." Na "kuondoka" umemkata mama wa nyumba ya wageni, "kabla ya kuondoka, zimeni taa." Umechukua wanawake wanne hawajuani, umewashona midomo pamoja, mmojawapo ana mafua!

Fundi: Mafua hayasikiki.

Mtangazaji: Yanasikika! Siku ya bibi wa darajani nilikuwa na mafua, nilikuambia tuahirishe ukakataa. Kwa hiyo Malkia anaanza na pua safi, katikati anapata mafua, mwishoni amepona. Na kati ya "nilikosea" na "kuondoka" kuna pumzi mbili. Mbili! Mtu gani anavuta pumzi mara mbili bila kutoa? Hata wizi wenyewe umefanya kiholela.

Fundi: Wachezaji hawakuona.

Mtangazaji: Wachezaji wanatazama nywele za farasi.

Fundi: Na wewe ungetaka nifanye nini? Uliondoka katikati ya kazi! Tulifika pale Malkia anapotoka ngomeni, sentensi ya mwisho, ukavua mablanketi ukafungasha. Hadithi haina mwisho. Malkia ametoka mlangoni basi, hakuna anayejua amekwenda wapi. Watu wakaniandikia. Atarudi lini? Kwa nini aliondoka? Nikawaambia ngojeni.

Mtangazaji: Bila shaka ukawaambia ngojeni. Ndiyo neno lako.

Fundi: Sasa ningesemaje? Nilikuwa na sauti yako yote mle kwenye kompyuta. Masaa na masaa. Unacheka, unakohoa, unaniambia nizime friji. Nikaanza kusikiliza tu. Nikasikia "nisamehe" ya mwombaji nikasema, ehe. Hii hapa.

Mtangazaji: Ehe, hii hapa.

Fundi: Usiku— hapana, jioni nikifunga kazi naingia mle. Nafungua mlango. Unageuka dirishani. Unasema. Halafu nakula, nalala. Ndiyo hivyo. Unataka nikufiche? Nakukosa. Nakukosa mpaka naona aibu.

Mtangazaji: (Mtandao unakwaruza.)

Fundi: Upo?

Mtangazaji: Nipo. Namtafutia neno mtu kama wewe, silipati. Hukunipigia simu kuniuliza kwa nini niliondoka. Hukupanda treni, na mimi niko stesheni, treni zote zinakuja hapa! Ukaona rahisi ukate vipande vya koo langu ujiombee radhi mwenyewe. Umejisamehe kwa mdomo wangu halafu ukala ukalala. Wala hukuwa unakosa mtu hapo, Fundi. Ulikuwa unakosa msikilizaji.

Fundi: Hayo maneno makali.

Mtangazaji: Ni yangu. Yote yametoka kwa mpangilio, hujayaunga. Sasa nataka uyatoe yale ya kwako. Leo.

Fundi: Nitayatoa. Tutazungumza. Lakini kuna jambo.

Mtangazaji: Nilijua. Nilijua kuna jambo! Mtu haazimi simu ya mteja kwa ajili ya nywele za farasi. Toa.

Fundi: Wale jamaa, watengenezaji. Wameniandikia.

Mtangazaji: Wale wa takataka.

Fundi: Wanataka kijiji chetu. Katika nyongeza zote za dunia wamechagua chache za kuwekwa ndani ya ile ya pili, kabisa kabisa, tangu siku ya kwanza. Kila atakayeinunua atakikuta kijiji mle ndani. Malkia na wote.

Mtangazaji: Kila atakayeinunua.

Fundi: Dunia nzima.

Mtangazaji: Na wewe ukawaambia hiyo gemu yenu ni takataka, siitaki.

Fundi: Nikawaambia nitafikiria.

Mtangazaji: Muongo. Ulijibu kabla hujamaliza kusoma.

Fundi: (Anavuta pumzi puani.) Nilijibu.

Mtangazaji: Hiyo pumzi! Nimekuambia. Kwa hiyo yule mwanamke wa viraka, mwenye mafua ya katikati, aombe radhi dunia nzima. Kwa niaba yangu. Na mimi unanitaka nini? Kazi yangu si imekwisha, koo unalo.

Fundi: Wanataka ridhaa. Mwenye sauti aseme mwenyewe kwamba anakubali, irekodiwe, wailinganishe na sauti ya Malkia waone ni mtu yule yule. Si jambo kubwa. Neno moja tu. Mwisho wa kupokea ni leo jioni.

Mtangazaji: Neno moja.

Fundi: Moja tu.

Mtangazaji: Ndiyo maana "unakubali, unakubali" imekuwa... (Anasita.) Hebu ngoja.

Fundi: Nini?

Mtangazaji: Nyamaza kidogo.

Fundi: Kuna nini?

Mtangazaji: Nimesema nyamaza, nasikiliza. (Kimya.) Uko karakana?

Fundi: Niko karakana.

Mtangazaji: Mbona pako kimya?

Fundi: Mtandao tu.

Mtangazaji: Mtandao hauzimi friji. Mimi nimeishi juu ya hiyo karakana. Hakuna saa hata moja pale chini pasiponguruma. Nilikuwa nikilala kwa mama nakosa usingizi kwa sababu kuna utulivu. Sasa hivi sisikii hata kompresa moja. Umezima friji zote.

Fundi: Umeme—

Mtangazaji: Umeme umekatika lakini kompyuta inafanya kazi? Wewe unazima friji kwa jambo moja tu duniani. Ulizima ya yule muuza nyama tukamrekodi bibi harusi, nyama ikaoza, tukanuka mtaa mzima. Unanirekodi!

Fundi: Si kukurekodi hivyo—

Mtangazaji: Na umeniweka spika. Ule mwangwi nikadhani ni mtandao. Simu iko mezani, kipaza sauti kimeelekezwa, na wewe umejiinamia hapo na masikio umeyafunika kwa vile vidude vya kusikilizia. Na mwenye simu yuko wapi?

Fundi: Yuko... amekaa kwenye kiti.

Mtangazaji: Kiti kipi?

Fundi: Hapa.

Mtangazaji: Yallah! Amesikia yote?

Fundi: Ni mzee mstaarabu. Anatazama ukutani.

Mtangazaji: Shikamoo mzee! Samahani kwa simu yako. Una nini kwenye friji za huyu?

Fundi: Anasema marahaba. Anasema samaki.

Mtangazaji: Waambie wenzako wakuletee ndoo ya barafu, mzee, samaki wako wanayeyuka. Haya. Kwa hiyo unalo tayari.

Fundi: Ninalo nini?

Mtangazaji: Usijitie hamnazo. Nimesema "friji nakubali." Nimesema mara mbili, ya pili kwa nguvu, kwa sababu eti mtandao. Unakata friji, unabaki na "nakubali." Nilikupa mwenyewe. Mimi, mtu mzima, ninayejua kazi yako ilivyo.

Fundi: (Kimya.)

Mtangazaji: Jibu basi. Ungelitumia?

Fundi: Nilifikiri nikiomba utakataa.

Mtangazaji: Sikukuuliza ulifikiri nini.

Fundi: Ndiyo. Ningelitumia.

Mtangazaji: Leo umesema jambo la kweli, lazima friji zizimwe ndiyo useme. Unaona? Hiyo ndiyo sababu. Wewe hukuuliza kwa nini niliondoka, lakini wachezaji wako wameuliza. Niliondoka kwa sababu kila nikisema unachukua kipande unachokitaka. Nikisema "nimechoka, sitaki tena kabati, nataka mume," wewe unasikia "nataka kabati." Miaka yote hiyo. Kumbe mazoezi.

Fundi: Nitafanyaje sasa? Niambie. Hicho kijiji ndicho kitu pekee nilichowahi kukifanya kikapendwa. Friji nikitengeneza mtu anaondoka anasema imechelewa. Kile kijiji watu wameoana mle ndani. Usiponipa, jioni wanamweka mwingine kwenye nafasi yetu, na kile cha zamani kitakufa na ile ya kwanza, kwa sababu hakuna atakayecheza ya kwanza tena. Kimekwisha. Utakuwa umefurahi?

Mtangazaji: Ningefurahi sana, nisikudanganye.

Fundi: Haya.

Mtangazaji: Lakini mle ndani mna yule bibi wa darajani. Nilimpenda yule. Na mama wa nyumba ya wageni alikuwa mcheshi. Ni kazi yangu pia, nilitoa jasho kabatini. Sioni kwa nini wafe kwa ajili ya upumbavu wako. Ngoja, kipaza. (Sauti ya kazini.) Tafadhali sikilizeni. Treni iliyoko jukwaa la pili inaondoka. Wasindikizaji mnaombwa kushuka. Narudia, wasindikizaji mnaombwa kushuka. (Sauti yake.) Upo?

Fundi: Nipo. Mzee anasema salio lake linaishia.

Mtangazaji: Basi haraka. Bado zimezimwa?

Fundi: Zote.

Mtangazaji: Kompyuta inarekodi?

Fundi: Inarekodi.

Mtangazaji: Nitakupa mwisho wa Malkia. Ule niliouacha. Huo mmoja, na ndio huo utauweka. Yule wa viraka unamfuta, leo, mzee ni shahidi.

Fundi: Kwa simu? Itasikika mbali, itakuwa na vumbi. Ungekuja hapa, kabati lipo vile vile, mablanketi sijayatoa—

Mtangazaji: Malkia ameshatoka ngomeni. Anaongea akiwa mbali. Itafaa.

Fundi: Aanze na "mume wangu" basi. Wachezaji wamezoea.

Mtangazaji: Uko tayari au huko tayari?

Fundi: Niko tayari.

Mtangazaji: (Sauti laini, ya polepole.) Mgeni, ngome hii niliiacha kwa miguu yangu mwenyewe, na sijutii. Usinisubiri. Ukitoka, funga mlango. (Sauti yake ya kawaida.) Na mimi mwenye sauti nakubali maneno hayo. Hayo, na yale niliyoyasema zamani kwa kinywa changu kama nilivyoyasema. Cha kuunganishwa sikikubali hata kimoja. Wapelekee yote, usikate mahali.

Fundi: (Kimya.)

Mtangazaji: Umepata?

Fundi: Umesema "mgeni."

Mtangazaji: Ndivyo nilivyosema.

Fundi: Rudia mara moja tu. Pale kwenye "sijutii." Nadhani kulikuwa na pumzi.

Mtangazaji: Hapakuwa na pumzi.

Fundi: Au kelele. Kuna kelele ilipita, mtandao labda. Mara moja tu, haraka, salio linaishia. Huenda ulitaka kusema vingine.

Mtangazaji: Hapakuwa na kelele, Fundi. Umezima friji zote.

Fundi: Lakini—

Mtangazaji: Nina treni. Mzee, asante kwa simu. Kwaheri.

Fundi: Ngoja kidogo tu— haloo? Haloo? Imekata. Au salio limekwisha? (Mzee anatazama simu yake.) Bado lipo? Aa. Sawa. Shika simu yako, mzee wangu. Samahani sana. Hebu nipishe hapo nyuma yako, niwashe friji.